Kapasita za Nadhifu na Masikio ya Baba

Karakanani,
Jumapili mchana.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, na picha ya wanao nimeibandika ukutani juu ya meza yangu ya kazi, mahali ambapo moshi wa risasi ya kulehemu hauwafikii. Natumaini hujambo, shemeji naye hajambo, na yule kitinda mimba ameacha kula chaki. Sisi huku tunasukuma siku. Baba anakula, analala na kugombana na redio, kwa hiyo watu wakikuuliza waambie ni mzima. Mimi pia ni mzima, ila nimekonda kidogo, na usianze kusema ni mapenzi.

Umeniuliza tena na tena tarehe ya harusi ili uombe likizo mapema, kwa kuwa huyo bosi wako hata ukifiwa anataka umjulishe kabla. Sijakujibu, na najua umekwisha kuanza kunishuku. Una haki. Mimi mwenyewe muda wote huu sijafanya kazi nyingine ila kushuku. Nimemshuku mchumba, nimemshuku Baba, nimejishuku nafsi yangu, mpaka nikafika mahali nikaishuku mita yangu ya kupimia umeme ambayo haijanikosea kitu. Ngoja nikueleze kwa utaratibu, maana wewe ukisikia nusu unakuja juu.

Nadhifu unamjua kwa picha tu. Ndiye yule mwenye duka la vipuri vya redio na amplifaya, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu mashati yake yamenyooka kama yametoka kwa fundi sasa hivi, na hata msumari wa parafujo anaufuta kwa kitambaa kabla ya kukukabidhi. Alipokuja na mjomba wake kujitambulisha, Baba aliwapokea vizuri, akacheka nao, akawaonyesha amplifaya yake ya zamani, ile yenye taa za kioo ndani. Walipoondoka akasema kijana ana adabu, na kwamba jibu atalitoa akiwa tayari. Nikajua limekwisha hilo. Nikaanza hata kuangalia vitambaa madirishani, mimi ambaye unajua ninavyochukia maduka ya nguo.

Sasa yakaingia mambo ya kapasita. Usikunje uso, utaelewa. Ni vile vikopo vidogo tulivyokuwa tukivipanga mstari tukicheza duka chini ya meza ya Baba. Kazi yake ni kushika umeme kidogo na kuuachia unapotakiwa. Kapasita ikizeeka inakauka ndani, amplifaya inaanza kuunguruma au sauti inafubaa, na sehemu kubwa ya kazi yetu ni hiyo tu, kutoa zilizokauka na kulehemu mpya. Yule mzee tuliyekuwa tukichukua kwake amefunga duka, kwa hiyo nikaanza kuchukua kwa Nadhifu. Hakuniruhusu hata kuchagua. Alikuwa akiingia mwenyewe chumba cha nyuma, akanichagulia moja moja, akazitia katika mfuko na kuufunga mdomo kwa uzi mwekundu. Nilikuwa nikirudi na mfuko ule mkononi kama nimebeba mayai.

Sheria ya Baba unaikumbuka. Hakuna mashine inayotoka karakanani kabla ya kupita kwenye kiti. Anakaa kwenye kile kiti chake cha mikono mipana, mimi nakaa pembeni kwenye benchi, tunaweka sauti ya marehemu Mama. Kaseti yenyewe ilikuwa inaelekea kukatika, nikaihamishia kwenye kifaa kidogo, lakini kila kitu kimo: anaimba ule wimbo wake, anasahau maneno, anacheka, halafu anatikisa funguo za nyumba karibu na maikrofoni kama Baba alivyomwelekeza siku ya kumrekodi. Mlio mwembamba wa funguo, Baba husema, ndio unaoumbua amplifaya mvivu. Ikishakwisha anatamka moja kati ya mawili, iende au irudi mezani. Watu wanaleta mashine zao kutoka mbali kwa ajili ya hiyo iende yake.

Amplifaya ya kwanza niliyoitia kapasita za Nadhifu ilikuwa ya ukumbi wa shule. Baba akasikiliza, akanitazama, akasema irudi mezani. Akadai sauti ya Mama imefunikwa blanketi, na funguo zinalia kama vijiko ndani ya soksi. Akauliza kapasita ni za nani. Nilipomwambia, akaguna ile aah yake fupi, ambayo wewe ulikuwa ukiikimbia hadi uani.

Nikairudisha mezani na kuipima. Nilipima kila kapasita inashika umeme kiasi gani, inavujisha kiasi gani, na ndani yake kuna ukinzani kiasi gani. Zote zilikuwa ndani ya namba zilizoandikwa ubavuni, tena nzuri kuliko zile tulizokuwa tukitumia zamani. Nikajiambia labda zikiwa baridi zinasema hivi na zikipata moto zinasema vingine. Nikawasha mashine nikaiacha ipashe, nikazipima tena zikiwa bado na joto. Nikaingiza mlio upande huu na kuutazama unavyotoka upande ule kwenye osiloskopu, ile inayochora mlio kwa mistari kiooni, mashine yenye kapasita za zamani na yenye kapasita mpya. Mistari ililaliana, ukiangalia unaona mmoja. Nikamwita Baba aje aone. Alitazama kioo kwa adabu kama anayetazama picha za safari ya mtu mwingine, akaniambia mita haina masikio. Nikamjibu kwamba masikio nayo hayana namba. Hatukusemeshana mpaka chai ya jioni.

Mashine ya pili ikarudi mezani. Ya tatu nayo. Hapo Baba akasema lililokuwa moyoni mwake: mtu anayeingiza bidhaa bandia katika nyumba anayotaka kuoa, akishapewa binti ataingiza nini? Akasema jibu la uchumba analo, ila hatalitoa mpaka asikie kwanza kapasita zilizo safi kutoka duka lile. Kwa maneno mengine, dada yangu, ndoa yangu ilikuwa imewekwa juu ya kiti kile kusubiri iende au irudi mezani.

Utaniambia ningecheka. Nilijaribu, kicheko kikakwama. Ilipofika usiku nilikuwa nawaza hivi: mita inasema hakuna tofauti ambayo sikio la mtu linaweza kuinasa. Baba anasikia tofauti, na sijawahi kumwona akikosea. Basi ama kapasita hizi zina ila ambayo mita yangu haijui kuiuliza, ama Baba anasikia kitu ambacho hakimo ndani ya amplifaya. Na kila njia niliyoifuata kati ya hizo mbili ilinipeleka kwa mtu ninayempenda akiwa ananidanganya.

Nilianza na Nadhifu. Nilizipasua kapasita zake mbili kwa koleo, nikakunjua karatasi ya ndani, nikainusa, nikaipima upana. Ilikuwa kama inavyotakiwa. Nikamgeukia Baba, na hapa usinikasirikie. Nilikumbuka ulivyoolewa wewe ukaenda mbali, na jinsi alivyokaa miezi bila kutengeneza chochote. Nikasema mzee huyu hataki kubaki peke yake na spika zake, ameona hawezi kumtia kijana wa watu ila ya adabu, sasa anamtia ila ya kapasita. Nikaanza kumchunguza. Akikohoa nilitaka kujua kwa nini amekohoa. Akimsifu mtu mwingine yeyote mwenye duka, niliweka moyoni. Nilimpikia huku nimenuna, naye akala huku akinitazama usoni bila kuuliza kitu. Halafu zamu ikanifikia mimi. Nilijiuliza kama mkono wangu hauipendelei ile mita, kama sisomi namba ninazotaka kuziona. Nikapima tena nikiwa nimefunika alama za ubavuni ili nisijue ipi ni ya nani. Namba zikabaki zile zile.

Mwishowe nikaamua kumpima Baba. Sikumwambia ni mtihani, nilimwambia nataka anifundishe kusikia anachosikia, na hilo alilipenda sana, akavaa hata koti. Nilichukua amplifaya mbili pacha, moja nikaitia kapasita za duka la zamani na nyingine za Nadhifu, nikaziunganisha kwa swichi moja ili spika ziwe zile zile na sauti iwe sawa. Nikakaa kwenye benchi langu nikiigeuza swichi mwenyewe. Baba hakukosea hata mara moja. Kila nilipoweka upande wa Nadhifu alitikisa kichwa, akasema blanketi hilo. Nilihisi machozi yakinijaa kwa hasira, maana kama ni hivyo basi mita yangu ni bati tu na mchumba wangu ni mwongo.

Lakini unanijua, hukuniita Mita bure. Nilitaka kipimo ambacho hata mimi sikijui jibu lake. Nikaenda kwa jirani yetu mshonaji, yule mama mnene anayecheka kabla hajamaliza kusema, nikamwomba akae nyuma ya pazia na kugeuza swichi apendavyo, akiweka kumbukumbu kwa vifungo kwenye kopo, cheusi upande huu na cheupe upande ule. Alikubali akisema kazi hii ni nyepesi kuliko kushona mfuko wa suruali ya mumewe. Mimi nikakaa benchini kama kawaida, nisijue lolote.

Baba akasikiliza. Akanitazama. Akasema tumwekee tena. Akanitazama tena, safari hii kwa muda, akauliza mimi naonaje. Nikamwambia sijui, yeye ndiye mwalimu. Akataja upande mmoja, akaubadilisha, akataja mwingine. Tulipovimwaga vifungo, alikuwa amepata kiasi ambacho hata kuku akidonoa angepata. Akasema mshonaji anageuza swichi vibaya. Mama wa watu akaacha kucheka.

Sijui ni nini kilichonifanya nifanye lililofuata. Nilimwambia mshonaji aruke wimbo wote, aweke zile funguo peke yake, azirudie, na apandishe sauti. Funguo zikalia, dada. Zililia mpaka yule mama akaziba masikio yake kwa viganja, na mimi meno yakanisisimka. Baba alikuwa ameketi na koti lake, mikono juu ya magoti, anasubiri kwa subira. Akaniuliza kwa nini hatuwashi.

Mshonaji alizima, akaaga kwa sauti ndogo, akaondoka bila kopo lake. Mimi sikuhitaji kusema kitu, kwa kuwa Baba alikuwa ananitazama. Nadhani alisoma yote pale pale usoni mwangu. Alivua koti, akalikunja, akaliweka mapajani.

Akaniambia kwamba funguo za Mama hajazisikia siku nyingi. Zilianza kufifia tangu yale maradhi yaliyomlaza, mwanzo akadhani kaseti imechoka, lakini nilipoihamisha akaona hazijarudi. Sauti nzito anazipata, maneno anayapata mtu akimkabili, lakini vile vyembamba vyote vimekwenda. Hakutaka kusema. Alisema fundi wa sauti asiyesikia anabaki kuwa mzee aliyekaa kwenye kiti tu. Akagundua kwamba hana haja ya kusikia, kwa sababu mimi nipo. Mashine ikiwa nzuri mimi huegemea ukuta bila kujua, mabega yakashuka. Ikiwa na kasoro hunyanyuka kidogo na kusogea ukingoni mwa benchi. Kwa muda huo wote iende na irudi mezani alikuwa anazisoma mwilini mwangu, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika. Alilisema hilo kwa fahari kidogo, akanisifu kwamba masikio yangu ni bora kuliko yalivyowahi kuwa yake. Nililia, sitakuficha. Nilimwendea nikakaa chini karibu na kiti, akanishika kichwa kama tulipokuwa na homa.

Halafu akaniuliza swali ambalo ndilo lililonikalisha leo kukuandikia. Alisema kuhusu Nadhifu hakutunga. Mashine zile tatu, na siku ya swichi mara zote nilipoigeuza mwenyewe upande ule, nilikaa ukingoni mwa benchi kama mtu anayesikia nyayo za mtu nje. Kama kapasita ni nzima na mita inasema ni nzima, nilikuwa nasikia nini?

Nilimjibu ni wasiwasi wa kutaka apendezwe. Akanitazama, akaniacha na jibu langu. Lakini nilipoinuka pale nilijua nimemdanganya, na sasa nakuambia wewe nililolificha hata kwangu mwenyewe.

Siku niliyokwenda dukani kuchukua ule mfuko wa kwanza, Nadhifu alichelewa chumba cha nyuma, nikamfuata. Nilimkuta shangazi yake ameketi na beseni mbili. Katika moja mna kapasita ndogo dhaifu za hovyo. Anazitoa moja moja, anaivalisha kila moja ngozi mpya ya plastiki yenye namba kubwa ambazo si zake, anaipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka ngozi inabana, kisha anaitia kwenye beseni la pili. Kazi safi, hujui ukiangalia. Nilisimama mlangoni. Nadhifu hakushtuka wala kuficha kitu, alicheka ule mcheko wake mzuri, akanishika bega, akaniambia nisihofu, zile si zangu, zangu ananichagulia mwenyewe. Zile ni za watu wasiopima.

Na mimi, dada, nilifurahi. Ndiyo aibu yangu hiyo. Nilitoka pale nikijiona nimependwa kuliko watu wote mjini, na nikaufunga mlango wa chumba kile kichwani mwangu kama umefungwa kwa uzi mwekundu. Ndiyo maana kila kapasita niliyoipima ilikuwa nzima. Nilikuwa napima kitu ambacho alijua nitakipima. Mita haikunidanganya, nilikuwa nimeiuliza swali lisilo lake. Na Baba asiyesikia kitu aliusikia mlango ule ukigonga ndani yangu.

Jana asubuhi nilikwenda dukani. Nilimwomba aniuzie kapasita kutoka sanduku la mbele, lile la kuuzia wengine, sio la nyuma. Akacheka akasema zangu ziko ndani. Nikamwambia leo nataka za mbele. Aliacha kucheka, akaifuta kaunta ambayo haikuwa na vumbi, akaniambia yeye si redio, asiwekwe kwenye mita, na kwamba mapenzi ni kuaminiana. Nilimuuliza, siku nitakayochoka kupima atakuwa ananipa za sanduku lipi. Aliingia ndani kunichagulia mfuko. Sikumsubiri. Nimeumia, usidhani mimi ni chuma, na sauti yake bado inanijia nikishika koleo. Lakini siwezi kuishi na mume huku nimekaa ukingoni mwa benchi.

Baba sijamweleza habari ya beseni. Jana nilirudi nikaketi mahali pangu, nikawasha mashine ya shule, ile ile, yenye kapasita zile zile ambazo hazina kosa. Nikaegemea ukuta. Aliniangalia kitambo, akasema iende.

Basi hiyo ndiyo tarehe uliyokuwa unaisubiri: haipo. Likizo iombe vile vile, na mwambie bosi wako lolote utakalo. Nataka uje tumpeleke Baba kwa daktari wa masikio, maana amekubali kwa sharti kwamba uwepo, anasema wewe ndiye pekee unayejua kugombana na madaktari. Ukifika usimwamkie ukiwa nyuma yake. Zunguka, simama mbele yake mwangani, uongee taratibu. Na kabla hujaingia, tafadhali, malizia kulia hapo nje kwa mshonaji. Usiingie kwake na uso wa huruma, maana atausikia.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na yule wa mwisho mwambie nimemwekea vikopo vya kuchezea duka, vizima vyote, nimevipima.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mita.